Kilomita Tisa za Kidoti

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Teo ameamka mara nne. Ana miezi tisa na meno mawili, na yote mawili anayatumia kwangu. Saa kumi na moja alfajiri aliponiachia, jogoo wa jirani akapokea zamu.

Lakini leo nimepata habari njema kuliko zote tangu nijifungue. Klabu yetu ya mbio ya hapa Nyegezi, Mwamba Jogging, inakwenda Musoma tarehe ishirini. Mbio za kilomita ishirini na moja. Wenzangu walisikia kilomita. Mimi nilimsikia Mwalimu Mayala, mwenyekiti wetu, akisema tutalala gesti.

Gesti! Kitanda. Shuka ambalo sikulifua mimi. Mlango unaofungwa kwa ndani, bila mtu wa kuugonga akiniita mama.

Sijalala usiku mmoja mzima tangu Desemba. Siombi dhahabu ya Geita. Naomba usiku mmoja.

Kikwazo: Mwalimu amesema anayetaka nafasi kwenye basi awe na kilomita arobaini kufikia Ijumaa, na atume ushahidi kwenye grupu, picha ya ile programu ya simu inayopima mbio na kuchora njia uliyopita. Mimi ninazo tatu. Mbili na nusu ni za kwenda kliniki.

Safia kishatuma kumi na mbili za leo, kabla sijapiga mswaki. Na ujumbe wa sauti juu yake: amkeni wanangu, barabara haijikimbii. Safia ni fundi cherehani, ana miaka arobaini na miwili, na mtandio wake unafanana na raba zake. Ananiita mdogo wangu. Simpendi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata akili.

Mume wangu Ngosha anaendesha bajaji pale stendi. Asubuhi nimewasha ile programu, nikaiweka simu chini ya kiti cha abiria bila kumwambia. Nikarudi kulala. Teo hakukubaliana na hilo, lakini wazo lenyewe lilikuwa zuri.

Jioni: kilomita thelathini na nane! Nikatuma kwenye grupu haraka kabla sijaingiwa na woga.

Kosa. Mwalimu Mayala akaandika kwamba amefundisha hesabu darasa la sita miaka thelathini na moja, na kwa hesabu yake kuna mahali nimekimbia kilomita hamsini na nane kwa saa. Akauliza kama taifa linajua.

Safia akaitazama ramani. Akaandika: mdogo wangu, hongera, ila naona ulisimama sheli dakika saba. Uliweka ya shilingi ngapi?

Watu ishirini na tatu wakatuma vikaragosi vya kulia machozi kwa kucheka. Mmoja ni shemeji yangu, ambaye hata kukimbia hakimbii.

Nikajibu kwamba simu ina ubovu. Ngosha amecheka mpaka amekwenda kucheka nje.

Alhamisi, 11 Septemba

Tatizo la Jumanne lilikuwa mwendo. Bajaji ni ya haraka mno. Nilihitaji kitu cha kwenda taratibu, cha kutembea mbali, kisichoingia sheli.

Mzee Ndalahwa, jirani yetu wa nyuma, anapeleka ng'ombe wake malishoni kila siku, njia ya Luchelele. Saa kumi na mbili nilikuwa zizini. Shikamoo. Marahaba. Nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo. Nadhani mtu akiishi na ng'ombe miaka sabini anakuwa ameona mengi. Aliuliza tu kama simu inauma.

Tumemchagua Kidoti. Ng'ombe jike, mpole, baka jeupe katikati ya paji la uso. Nikaifunga simu ndani ya pampasi mpya ya Teo isigongwegongwe, nikatia kwenye kimfuko cha kitambaa, nikaning'iniza shingoni kando ya kengele. Mzee akasema ng'wanone, yaani mwanangu, ng'ombe hana haraka, lakini hadanganyi.

Sikuelewa. Nimeelewa saa kumi jioni.

Kidoti alitembea kilomita tisa kwa saa saba. Vizuri. Mita mia mbili za mwisho alitembea ndani ya Ziwa Victoria. Kumbe ng'ombe wa Mzee Ndalahwa hanywi ukingoni kama wengine. Anaingia mpaka kifuani, anasimama huko, anafikiri.

Simu ni nzima! Pampasi imenyonya ziwa lote, imevimba kama andazi, lakini simu ndani ni kavu. Waliotengeneza pampasi hizo Mungu awabariki.

Lakini Kidoti alipotoka majini, simu ikaita. Alikuwa Mwalimu Mayala, ananitafuta kuhusu saizi ya fulana. Mzee Ndalahwa ni mtu wa adabu, hawezi kuacha simu iite. Akaichomoa, akapokea. Mwalimu akamuuliza Mama Teo yuko wapi. Mzee akasema yuko nyumbani na mtoto. Mwalimu akauliza mbona simu iko kwako. Mzee akasema haiko kwangu, iko kwa ng'ombe.

Ijumaa, 12 Septemba

Mwalimu amekuja mwenyewe. Nilikuwa nafua. Amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, amemchukua Teo mapajani, akaanza kumhesabia vidole, kimoja kimoja. Walimu wa zamani wanajua kukunyima fimbo mpaka uitamani.

Mwishowe akauliza kwa nini ninataka sana kwenda Musoma, na mbio zenyewe sizipendi. Nikafungua mdomo niseme habari ya afya. Nikasema: nataka kulala, mwalimu.

Teo alikuwa anatafuna kalamu ya mfukoni ya Mwalimu. Mwenyewe akamwachia.

Akasema kesho klabu inakimbia kutoka hapa hadi Usagara. Kilomita kumi na mbili. Wanaotaka kututia moyo wanasema kumi na moja. Nikifika kwa miguu yangu, yangu na si ya kiumbe kingine, nina kiti kwenye basi. Akasisitiza maneno kiumbe kingine.

Jumamosi, 13 Septemba

Mama mkwe alikuwa aje jana kumshika Teo. Hakuja, jumuiya yao ilikuwa na ugeni. Yeye anakaa Usagara kwenyewe. Basi nikapanga hivi: Ngosha atufuate na bajaji, Teo akiwa ndani na jirani yetu Modesta. Huo ndio mpango nilioutangaza. Ambao sikuutangaza: tukishapita Buhongwa, watu wakitawanyika, na mimi niingie bajaji, nijifunike kanga, nishuke mita mia kabla ya Usagara nikihema.

Nilisahau kitu kimoja. Klabu yetu ina desturi, kila safari mtu mmoja anapewa kazi ya kuwa mkia. Anakwenda nyuma ya mtu wa mwisho, hata mtu huyo akitambaa, na haruhusiwi kumpita. Hatuachi mtu barabarani.

Mkia wa leo: Safia. Mtu wa mwisho: nani mwingine.

Nilipofika Buhongwa nilikuwa naona nyota mchana. Nikamwambia Safia natia maji mdomoni, yeye atangulie. Akasema mkia hautangulii kichwa. Nikamwambia basi ageuke, najisitiri. Aligeuka. Nikaruka ndani ya bajaji, nikajifunika. Modesta akajisogeza bila swali. Ngosha akaondoa.

Teo akanitambua kwa harufu. Alipiga ukelele ambao umesikika mpaka upande wa pili wa barabara, akaanza kuivuta ile kanga kwa mikono miwili. Kanga ikatoka. Na nje, akikimbia sambamba na bajaji bila hata kuhema, Safia.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Akasema tu, shuka mdogo wangu, na mtoto mlete huku.

Nikashuka. Akamfunga Teo mgongoni mwake kwa ile kanga yangu ya kujifichia, akaifunga imara, kifundi. Tukaanza kutembea haraka, kisha mbio za kizee. Hatua mia hazikufika, Teo akalala! Mtoto ambaye mimi nambembeleza saa mbili!

Safia akasema walikuwa wawili wa kwake. Mapacha, na baba yao kishakwenda zake. Alianza kukimbia kwa sababu barabarani ndiko hakuna aliyekuwa anamwita. Alikuwa anatoka, anakimbia mpaka sheli, analia kidogo, anarudi. Akasema ndiyo maana anazijua sheli zote za Mwanza.

Nilicheka. Halafu sikucheka. Yeye alikuwa anatazama mbele tu.

Tumefika Usagara saa nne na dakika ishirini, wenzetu wakiwa wamekunywa supu mpaka imekwisha. Walipiga makofi. Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya barabara, mikono kiunoni. Akasema aliponiona kwa mbali alidhani kuna mgonjwa analetwa. Kisha akasema atakuja kumshika mjukuu wake siku zote za Musoma, kwa sharti nisimpigie simu kumfundisha kulea.

Kiti kwenye basi ninacho!

Jumatano, 17 Septemba

Miguu bado si yangu. Nashuka ngazi kinyumenyume.

Nimeanza kumkamulia Teo maziwa na kumzoesha uji wa kikombe. Anautema. Nimemwandikia mama mkwe, aliyefika jana, maelekezo kurasa mbili. Ameyasoma yote kwa makini, akafunikia sufuria.

Jumamosi, 20 Septemba

MUSOMA.

Tumefika saa tisa alasiri. Gesti ipo! Kitanda kipo, futi tano kwa sita. Shuka jeupe lenye mkunjo wa pasi. Chumba ninalala na Safia, kila mtu kitanda chake, na yeye amekwenda kutazama njia ya mbio na wenzake.

Mlango nimeufunga kwa ndani. Nimelala chali. Kimya kabisa. Hakuna mtu anayenitaka.

Saa kumi na nusu: bado kimya.

Saa kumi na moja: kimya gani hiki. Nimempigia Ngosha, Teo anacheza na mfuniko. Nimempigia tena, bado mfuniko. Mara ya tatu amepokea mama mkwe na kukata.

Maziwa yamejaa. Kifua kama mawe ya Mwanza. Nimekaa kitandani nanusa soksi moja ya Teo. Imejificha kwenye begi langu, sikuileta mimi. Sikuileta.

Jumapili, 21 Septemba

Sikulala. Nimekitumia kitanda kizuri kuliko vyote maishani mwangu kwa kukikalia.

Ngosha ameandika asubuhi: Teo amelala tangu saa mbili usiku, hajaamka hata mara moja. Nimeusoma ujumbe mara sita. Nikamjibu amtikise aone kama anapumua. Akajibu anatabasamu usingizini, kisha akaongeza: kimbia, mama Teo, tunakungoja.

Mbio zimeanza saa kumi na mbili na nusu. Kilomita kumi za kwanza nilizikimbia kwa hasira, tano zilizofuata sizikumbuki. Kwenye kumi na tano nikaambiwa basi linaondoka saa tano kamili, na atakayebaki ajitafutie usafiri. Nikafikiri: wa kubaki si mimi. Nikanusa nyumbani kama Kidoti anavyonusa maji. Wacha! Nimewapita vijana wawili wa chuo. Nimempita baba mmoja aliyevaa raba za bei ya bajaji. Sijawahi kumpita mtu yeyote maishani isipokuwa kwenye foleni ya kliniki.

Saa tatu na dakika sita za kukimbia. Medali!

Fulana yangu kifuani ilikuwa imelowa, na halikuwa jasho. Watu walikuwa wanapiga picha. Kabla sijajua nifanye nini, mtandio umetua mabegani mwangu, umenifunika mbele vizuri. Safia. Akaendelea kuzungumza na wengine kama hakufanya kitu. Mtandio ule unafanana na raba zake. Nitaufua kwa mkono.

Tuliporudi, pale Kisesa basi likasimama dakika arobaini watu wananunua viazi vitamu. Nikamwambia Mwalimu Mayala anishushe nikimbie njia iliyobaki. Kwa mara ya kwanza amenitazama kama mwanariadha.

Teo alikuwa mlangoni mikononi mwa bibi yake. Alinitazama. Akatazama medali. Akanitazama tena, uso wote ukafunguka, akanirukia. Nimenyonyesha nikiwa nimesimama, na raba miguuni, na medali katikati yetu ikitubana. Mama mkwe amesema nimekonda, nile.

Nimejifunza kitu kikubwa leo. Mahali pa kulala ni hapa. Sitamwacha tena. Sitadanganya tena.

Jumanne, 23 Septemba

Teo ameamka mara tano. Kwa bibi yake, usiku mzima kimya. Kwangu, tano!

Nimemfanyia hesabu Ngosha: mtoto analala mama asipokuwepo. Kwa hiyo mama anayempenda mtoto wake anapaswa kusafiri mara kwa mara, kwa faida ya mtoto. Ngosha amesema hesabu hiyo Mwalimu Mayala aione kwanza.

Mwalimu ametangaza Bukoba, Novemba. Kilomita arobaini na mbili. Gesti siku mbili. Anayetaka nafasi awe na kilomita mia moja.

Safari hii Safia atakuwa ananipitia mlangoni saa kumi na moja na nusu tukimbie wote, Teo kwa zamu mgongoni. Nimemkubalia kwa moyo mmoja. Tukijitahidi tutafikisha themanini.

Jioni nimempelekea Mzee Ndalahwa viazi vya Kisesa. Shikamoo. Marahaba. Tukaongea habari za mvua. Nikamuuliza, kwa kuuliza tu, kama ana ng'ombe yeyote anayeogopa maji.

Akafikiri sana. Akasema ng'ombe hana. Ila ameletewa punda, anapanda milima siku nzima bila kuchoka, na kulowa hapendi hata kwato.

Nimenunua pampasi pakiti kubwa.