Vanishi kwenye Zeze la Marehemu Baba

Jumatatu, 4 Agosti
Tamasha la ngoma na sanaa za asili ni Jumamosi! Mtaa wetu umepewa nafasi moja. Kinyozi anaitaka kwa ajili ya ngoma yake, ambayo bado ina stika ya dukani. Nimemwambia katibu wa tamasha kwamba nina zeze la marehemu baba, na wimbo wake wa jioni usiojulikana kwingine kokote. Akauliza kama naujua. Nikajibu kwamba ni wimbo wa nyumbani kwetu. Si uongo. Nafasi nimepata!

Jumanne, 5 Agosti
Nimelishusha zeze kabatini. Sijawahi kulipiga. Dada mkubwa ndiye aliyekuwa akikaa na baba, akishona vifungo na kusikiliza. Mimi nilikuwa nje nikikimbiza tairi. Ningemwomba anifundishe, ila nimemnunia tangu msiba. Aliniita mzigo mbele ya wajomba. Basi nitajifunza mwenyewe. Uzi ni mmoja tu. Ugumu uko wapi?

Jumatano, 6 Agosti
Ugumu nimeuona. Paka kahama.
Kinyozi akiwa ananinyoa kaniuliza, foleni nzima ikisikia, kama kweli nitapanda jukwaani na lile gogo jeusi. Eti hata mchwa wamelikataa. Kicheko! Nikaondoka na kichwa nusu. Nikanunua msasa na vanishi.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimepiga msasa mpini wote. Ulikuwa na vishimo vitatu vibaya, vimelika kama ngazi kuukuu. Nimevisawazisha. Nikapaka mikono mitatu ya vanishi. Linang'aa kama jeneza la tajiri!

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeshindwa. Nimemeza kiburi, nikaenda kwa dada. Kanikumbatia mlangoni. Ile habari ya mzigo hata haikumbuki. Kasema nisiwe na wasiwasi, mdogo wake: baba alibonyeza palepale miaka arobaini mpaka mti ukalika. Nikiweka vidole vyangu kwenye vishimo vyake, wimbo utakuja wenyewe.
Nikafunua shuka nililolifungia zeze.
Akapitisha kidole gumba juu ya mpini, akakirudisha. Akapitisha tena. Akaniuliza viko wapi. Basi, hilo tu. Afadhali angenitukana.
Tumetafuta mpaka chai ikapoa. Mwanzo anao. Mwisho ulikuwa kwenye vile vishimo.

Jumamosi, 9 Agosti
Dada kapanda nami, kauimba kwa mdomo. Katikati akanyamaza. Watu wakadhani ndivyo unavyoisha. Makofi! Mimi nimesimama pembeni na zeze, kama mtu aliyeshikishwa mwavuli wa mwenzake. Mpiga picha kalisifu jinsi linavyong'aa.
Kinyozi kanifuata nyuma ya jukwaa. Nilijiandaa kwa kejeli. Kasema nipite nikamaliziwe kichwa, bure. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Jumapili, 10 Agosti
Nimeamkia kwa dada. Analiangalia zeze, anaangalia ukuta, kisha kachukua kikapu kaenda sokoni. Lazima nimfurahishe kabla hajarudi.
Vanishi imebaki nusu kopo. Msasa upo. Na hapa jikoni kuna kile kigoda cha marehemu mama, kimebonyea vibaya pale alipokuwa akikaa.
Dada atashangaa huyo!