Tuta Lililopanda

Jumatano, 25 Agosti 1993. Ngorongo.
Balaa! Kompyuta yangu ilisema tuta letu la majaribio ya barabara litatitia nusu mita kwenye udongo huu wa bonde. Dk. Mtoro, kwa kikokotoo cha mfukoni, alisema shubiri moja. Limetitia shubiri moja. Jumamosi kamati ya chuo inakuja kupima. Nikishindwa, uprofesa ni wake, nami nastaafu mhadhiri. Kaniuliza kwa upole kama kompyuta yangu imeshikwa na malaria.

Jambo jingine analijua Mungu tu. Alama ya kupimia, ambayo kimo cha tuta hulinganishwa nayo, ilitakiwa iwe kwenye bomba la chuma lililofika mchanga mgumu. Ripoti yangu inasema bomba. Kumbe nimeipigilia kwenye nguzo ya dungu la marehemu baba, kile kibanda cha juu alimokuwa akilinda mpunga dhidi ya nguruwe. Serikali ilituhamisha kutoka bondeni, nyumba zikabomoka, mafuriko yakaja na kwenda. Nguzo ile ipo. Chuma gani kitaishinda?

Alhamisi, 26 Agosti.
Nimepata! Tuta linahitaji uzito, na watu ni uzito. Nimemwomba shangazi Mwanaamina tumsomee baba hitima, kijiji kizima, juu ya tuta. Kalia kwa furaha. Kauliza miaka yote hiyo nilikuwa nasoma vitabu vya nani hata nikamsahau baba yangu. Nimeona haya, kidogo. Nimenunua mbuzi na mchele mwingi. Wakishiba watakuwa wazito zaidi.

Ijumaa, 27 Agosti.
Baada ya sala nimekwenda tutani. Hakuna mtu! Nimefuata moshi. Wote wako kwenye kiwanja cha baba. Shangazi kanishangaa: nani anamsomea marehemu barabarani, we Miraji, kwani aligongwa na basi?

Vijana wamelijenga upya dungu juu ya nguzo ile ile, eti kwa heshima yangu. Juu wameketi wazee, pamoja na magunia ya mchele na mapipa ya maji. Chini wanawake wanatwanga, vinu vimeizunguka nguzo. Kila mchi ukitua, alama yangu inashuka! Nimepiga kelele washuke. Mzee Kondo kasema mtoto huyu kazidiwa na huzuni, mpandisheni apate upepo. Wamenipandisha. Uzito umeongezeka.

Kutoka pale mto unaonekana wote. Nilikuwa nimesahau.

Jumamosi, 28 Agosti.
Alama ikishuka, tuta husomeka limepanda. Mtoro kachungulia darubini, kafuta jicho, kachungulia tena. Tuta limepanda! Nimesema udongo umevimba. Kamati ikaomba kuliona bomba.

Tumemkuta shangazi ametundika upawa kwenye alama yangu. Nguzo imetitia nusu mita, kama kompyuta ilivyosema, ila si mahali pake. Nilingoja Mtoro acheke. Hakucheka. Kamwomba shangazi ukoko.

Jumapili, 29 Agosti.
Uprofesa kapewa Mtoro. Mimi nimeruhusiwa kujaribu tuta jingine. Safari hii alama nimeipigilia kwenye nguzo ya nyumba ya shangazi, imara kabisa. Shangazi kafurahi. Kasema niipake rangi, maana hapo hapo ndipo patakapochezwa ngoma ya harusi ya bintiye Tabu.