Punguzo Juu ya Punguzo

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeiona leo. Iko kwenye kioo cha duka la fundi kompyuta, mkabala na ofisi yangu. Ofisi yangu ni meza moja chini ya ngazi, lakini ina kibao: Mshauri wa Biashara. Kompyuta yenyewe ni ya mpakato, nyeusi, nene, ya kikazi hasa, siyo zile nyembamba za kuchezea. Ilikuwa ya kampuni ya bima. Bei ya kwanza imekatwa kwa kalamu nyekundu, ya pili imeandikwa chini yake, nusu kabisa.

Naihitaji kuliko hewa. Jumamosi nina miadi na mkuu wa chuo cha udereva, anayetaka mtu wa kumchapia masomo na kumtunzia hesabu za wanafunzi. Amesema nije na kompyuta yangu. Nilishamwambia ninayo.

Jana mke wangu aliniambia, kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha, kwamba Jumamosi ikipita hivi hivi, Jumatatu niende nikafanye kazi kwenye mashine ya kusaga ya mama yake. Pesa anazo, za ushonaji. Alisema nikimhakikishia tu kwamba kompyuta ni nzuri, ananipa. Neno langu linamtosha.

Tatizo ni moja. Bei iliyokwisha kushuka mara moja itashindwaje kushuka tena?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeikagua. Fundi ameniachia kiti chake na kwenda zake, jambo lililoniudhi, maana nilitaka anibembeleze.

Ubaya wake: nzito kama tofali. Feni inakoroma. Kwenye kifuniko kuna stika kubwa ya ile kampuni ya bima, haibanduki hata kwa kucha. Uzuri wake: betri imekaa asubuhi nzima. Inawaka upesi. Vitufe vyote vinabonyea vizuri. Bawaba ngumu, hazichezi. Na fundi anatoa dhamana ya miezi sita kwa maandishi.

Nikapiga hesabu zote. Ni ya thamani. Ni rahisi mno kwa ubora ule, na mimi nikiona na wengine wataona.

Nikamwambia fundi kwamba prosesa ni ya zamani. Akajibu kuwa ndiyo maana bei imekatwa.

Ndipo wazo likanijia. Nikaenda kwa kinyozi wa jirani, ambaye habari ikiingia kwake asubuhi, jioni mtaa mzima unayo. Nikakaa, nikaguna, nikamwambia nawahurumia watakaoinunua ile kompyuta. Akauliza ina nini. Nikasema iliingia maji huko bima. Kinyozi akasema kumbe, akaendelea kunyoa. Ile “kumbe” yake ilinipa raha ambayo sijaipata tangu mwaka uanze.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Asubuhi dada wa duka la dawa kaniita pembeni, kunitahadharisha. Eti ile kompyuta iliungua ikazimwa na maji. Saa sita muuza viatu kanihakikishia kwamba ilimpiga shoti mhasibu wa bima, akalazwa. Kufika alasiri mhasibu alikwisha fariki na kuacha watoto wanne.

Watu wanajua kutia chumvi. Mimi nilisema maji tu.

Lakini imefanya kazi. Fundi kakata bei ya pili, kaandika ya tatu. Sura imemsawijika, maskini. Aliniuliza kama nimesikia maneno ya mtaani. Nikajitia hamnazo, nikamuuliza maneno gani.

Ningeweza kuinunua leo leo. Nikasema la, kesho itashuka zaidi.

Wakati wa kula mke wangu aliuliza nimeionaje ile kompyuta. Nikamwambia bado naichunguza. Akasema pesa zipo kwenye kabati, nimwambie tu. Neno lilinifika mdomoni, nikalimeza pamoja na chakula.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimekwisha.

Mke wangu alikwenda kununua uzi akarudi na yule mhasibu marehemu. Habari nzima anayo, na watoto wanne, na mdogo wao bado ananyonya. Pesa zimetoka kabatini, sijui ziko wapi. Amesema hawezi kutia jasho lake kwenye kitu kilichoua mtu.

Nikamwambia ni uongo. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema najua tu. Akaniuliza kama najua, kwa nini siku zote hizi sikumwambia kwamba ni nzuri. Nikasema nilikuwa naichunguza. Akarudi kwenye cherehani yake.

Nikakimbilia kwa kinyozi. Nikamwambia kompyuta ile ni nzima, nimeikagua mwenyewe, hakuna mhasibu aliyekufa. Akasema kumbe, vile vile kama juzi, huku anapangusa wembe.

Kufika jioni mtaa unasema fundi amenihonga niisifie. Mke wangu kazipata na hizo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nilijikaza kisabuni, nikamwomba mke wangu twende pamoja dukani aione kwa macho yake. Alikubali. Alivaa vizuri, kanga mpya, na pesa alizibeba, niliona jinsi alivyoubana mkoba. Nikajua moyoni kwamba bado ananiamini kidogo.

Kioo kilikuwa kitupu.

Fundi alisema imeuzwa asubuhi, kwa bei ya tatu, kwa hasara, kwa sababu alichoka kuwaeleza watu habari za marehemu asiyemfahamu. Aliyenunua ni kinyozi.

Tukaenda kwa kinyozi. Ilikuwa imekaa chini ya kioo chake, inapiga muziki. Nikamuuliza kwa hasira kama hakuogopa. Akasema angeogopaje, na mimi nilikuwa naitolea macho kila siku kama mtu aliyeona mchumba. Akaongeza, mbele ya mke wangu, kwamba habari ya maji ilitoka kwangu, Jumanne, kwenye kiti kile pale.

Mke wangu hakugomba. Njiani aliniambia kwamba Jumanne ningemwambia ni nzuri, tungeinunua Jumanne. Basi. Sikuweza kumtazama. Ningefurahi kama angenitukana.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kulipopambazuka nilikuwa mlangoni kwa kinyozi. Nilimwomba aniazime mpaka saa sita. Alikubali kwa sharti kwamba nisiibandike wala kuibandua kitu chochote, na nimsifie kwa wateja wake mwezi mzima.

Nikavaa tai. Nikaibeba chini ya kwapa, nikaingia kwa mkuu wa chuo, nikaiweka mezani kwa kishindo cha mtu mwenye mali. Mkuu akaiangalia stika. Akasogeza kiti nyuma. Akauliza kama hii ndiyo ile ya bima.

Anakaa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Sikujua maneno yangu yana miguu ya kufika huko.

Aliniomba kwa adabu niitoe nje. Hakutaka hata kuchomeka waya. Nikaona nafasi inaniponyoka, nikaamua kusema kweli, mara moja katika maisha yangu. Nikamwambia asiogope, hakuna aliyekufa, habari ile niliianzisha mimi mwenyewe ili bei ishuke.

Akasimama. Kisha akasema, bila ukali wowote, kwamba anatafuta mtu wa kumkabidhi hesabu za wanafunzi, na mtu aliyemzulia mwenzake hasara namna hiyo hawezi kumkabidhi hata ufunguo wa choo. Akanishukuru kwa kuwa mkweli. Akanifungulia mlango.

Nilirudi kwa mguu. Tofali lile lilinikata bega mpaka nilipomrudishia kinyozi. Nilipofika nyumbani mke wangu alinitazama usoni tu. Alikwenda kumpigia mama yake simu. Nililia bafuni, bomba nimelifungulia.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimeanza. Kazi yangu ni kushika mdomo wa gunia unga ukitoka. Mpaka kope zimekuwa nyeupe. Mama mkwe hakunisema vibaya. Alinipa kofia na kitambaa cha pua, akanionyesha pa kusimama.

Mashine yenyewe inakata roho. Mota inanuka moshi, inazimika kila mara, foleni inafika barabarani na watu wanaanza kuhamia kwa wengine. Familia nzima ya mke wangu inakula hapa. Na sasa na mimi.

Mchana mama mkwe akanipeleka kwa jirani wa pili, mwenye mashine ya kusaga anayestaafu. Anauza mota yake kwa punguzo kubwa. Mama mkwe aliniambia, mwanangu, wewe uliwahi kushauri watu, niangalizie, nikubali leo au nisikubali. Ameniita mwanangu. Tangu Ijumaa hakuna mtu aliyeniuliza maoni yangu juu ya kitu chochote, hata chumvi.

Nikaiangalia. Nikaisikiliza ikizunguka. Ni mota nzuri sana, kwa bei ambayo haitapatikana tena. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia.

Nikamwambia tusiwe na haraka, mama. Anipe mpaka Alhamisi.

Kisha nikarudi kwenye foleni yetu, nikamsogelea mama mmoja mwenye ndoo ya mahindi, nikamnong'oneza kuna mota hapa jirani iliwahi kumkata mtu mkono. Akashtuka, akauliza ni ipi. Nikamwonyesha kwa kidole.