Ombi la Kumkataza Daktari Kupima Ng'ombe kwa Simu

Kwa Mheshimiwa Msajili wa Madaktari wa Mifugo,

Salamu, na pole kwa kazi. Mimi ni fundi saa nyuma ya soko, baba wa mabinti wawili na mwenye ng'ombe mmoja tu, Shangazi, tuliyemwita hivyo kwa kuwa hakosi la kusema. Juzi Shangazi, mwenye mimba kubwa, aligoma kula. Roho ilinitoka, maana ndiye anayeilisha nyumba kuliko saa zangu. Daktari wenu akasema haji, atampima kwa simu ya video. Naomba itungwe sheria ya kumzuia, kwa sababu hizi:

1. Sijawahi kutengeneza saa bila kuifungua. Huyu anatibu ng'ombe bila hata kukanyaga mavi yake.

2. Mtandao ulikuwa mbovu, picha ukungu mtupu. Nilimwonyesha mgonjwa dakika kumi nzima. Daktari akasifu kwamba anacheua vizuri, ila meno yamekwisha, mimba hakuna, na kwa umri ule afadhali auzwe kabla hajakonda zaidi. Tulipokata simu ndipo binti yangu mkubwa akagundua kwamba kamera ilikuwa imenielekea mimi, nikitafuna mua.

3. Tangu hapo mke wangu ananitazama kwa jicho la mnunuzi. Jana alinishika mbavu, nikadhani ni mapenzi.

4. Shangazi naye amedeka. Hali majani mpaka awekewe simu sikioni. Mama mkwe akipiga, wanaanza kuongea wao.

Kwa hiyo sheria iseme: daktari amnuse mgonjwa kwanza, mgonjwa aridhie kwa alama ya kwato, na simu ishikwe na mtu asiyefanana na ng'ombe. La sivyo, nami nitaanza kutengeneza saa kwa simu, tuone nani atawahi kazini.

Wasalimie makarani wote, mpika chai wenu na watoto wa nyumbani.

Mlalamikaji wenu mtiifu,
Fundi Saa

Tanbihi: Barua imechelewa kwa sababu Shangazi alishikwa na uchungu, ndama akitanguliza miguu ya nyuma, na mvua imekata barabara. Daktari yuleyule alikaa nasi kwenye simu kwa muda wa saa mbili, vuta, subiri, vuta, mpaka ndama jike akatoka hai. Nililia mbele za watu. Tafadhali msimguse daktari huyo. Chaneni barua yote. Ila namba mbili ichunguzwe upesi, maana mke wangu anasema daktari hodari namna hii huenda hata kwangu hakukosea.