Usingizi wa Maneno Nyuma ya Ukuta wa Jiko

Jumatatu, 4 Juni 1956

Baridi kali. Upepo wa Ufipa hauna adabu, unaingia hata kwenye soksi. Nimekwenda mjini dukani kwa Huseni kununua misumari ya mlango wa jiko. Nimerudi na elimu.

Nieleze. Huseni hufungia bidhaa kwa kurasa za majarida ya zamani ya Kizungu. Misumari yangu ilifungwa kwa makala ya daktari mmoja wa Ulaya. Anasema mwanamke anaweza kuzaa bila sindano na bila dawa, kwa kulazwa usingizi wa maneno tu. Si usingizi wa kitandani. Ni wa akili: mtu anasikia, anajibu, lakini hofu imemtoka. Kwa maneno matupu! Na mimi, mwalimu mstaafu, nina nini kingine zaidi ya maneno?

Jambo limekuja wakati wake. Bertilla, mke wa mwanangu Wilibrodi, anatarajia mtoto wa kwanza mwezi huu huu. Wilibrodi mwenyewe yuko Abercorn, ng'ambo ya mpaka, na lori la mizigo. Dada yake Bertilla kule Chala alijifungua mwaka juzi kwa taabu kubwa, na mtoto hakuishi. Sasa Bertilla hali chakula vizuri, na ameacha kuimba anaposaga ulezi. Linasikika jiwe peke yake. Sipendi kulisikia jiwe peke yake.

Nimemweleza yote mke wangu, Luciana. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza misumari iko wapi.

Nimeisahau dukani. Nimerudi na karatasi zake.

Jumatano, 6 Juni

Nimesoma makala mara kadhaa. Namna ziko tatu, na daktari anasema kila familia ichague ile inayoifaa. Sawa. Nimeanza kuchagua.

Namna ya kwanza: anayelaza anamtazama anayelazwa machoni, bila kupepesa, mpaka kope zimlegee. Haiwezekani! Mimi ni baba mkwe. Simtazami Bertilla usoni wala yeye hanitazami. Tukikutana njiani mmoja wetu anaingia majanini. Tangu aolewe sijui macho yake yana rangi gani, wala sitaki kuambiwa. Daktari msomi, kaandika kurasa nzima, hakuuliza hata mara moja kama huyu na huyu ni wakwe. Wakwe zake yeye wanaishije?

Kumbe Luciana alisimulia kisimani. Jioni kaja Beda, jirani yangu, dresa mstaafu, mfunga vidonda wa zamani, amevaa koti lake la dispensari ambalo alipaswa kulirudisha. Anasema kwa kuwa yeye si mkwe wa mtu hapa, namna ya kwanza tumwachie yeye. Wakati wa vita aliwatazama askari machoni huku akiwakata vidole vya miguu, na hakuna aliyelalamika. Nilimuuliza kama waliishi. Akasema wengi.

Nikamweleza kwa upole kwamba nyumba hii haina vidole vya kukatwa. Akacheka, akanywa chai yangu, akaondoka. Macho ya kumtazama mkwe wangu, yawe ya Beda! Nilikosa usingizi wa aina yoyote.

Alhamisi, 7 Juni

Namna ya pili: kitu king'aacho kinaning'inizwa mbele ya macho, kinayumba taratibu. Hii haina ukwe. Kitu hakina ukoo.

Nimetafuta kitu king'aacho. Nyumba ya mwalimu mstaafu haing'ai. Mwishowe nimefungua kifuniko cha kengele ya baiskeli yangu, nimekisugua kwa majivu, nimekifunga uzi, nimekitundika kwenye boriti. Kilipendeza mno.

Ilibidi nijaribu kwanza kwa mtu mwingine, maana elimu ni majaribio. Nikamketisha Luciana. Akatazama. Kifuniko kikayumba huku, kikayumba kule. Kope zikashuka, kichwa kikainama, akakoroma! Nilitembea chumbani nikipongezana na nafsi yangu.

Alipoamka alisema ametwanga na kusaga tangu alfajiri, na angelala hata kama ningemtundikia kiatu changu. Kisha akauliza tena habari ya misumari. Mlango wa jiko haufungi, anasema, na upepo unampiga Bertilla mgongoni.

Majaribio yamebatilika kwa kosa la aliyejaribiwa.

Jumamosi, 9 Juni

Sina bahati na watu. Nimepanda baiskeli kufuata misumari. Kwenye mteremko wa Milanzi namwona Beda katikati ya njia, amebeba sinia la mayai, anapeleka misheni. Nikabonyeza kengele. Kimya. Kifuniko kiko kwenye boriti!

Nikalia kama kengele, kwa mdomo. Nililia vizuri, kwa sauti kubwa. Beda anadai alisikia kengele lakini alipogeuka hakuona kengele, akasimama kuitafuta. Mtu mzima anaona baiskeli inakuja, anatafuta kengele.

Mayai hayakupona. Goti langu pia. Na nani mwenye spiriti na bandeji katika njia nzima ile? Alinifunga polepole, anatabasamu. Akanishauri nililaze goti usingizi wa maneno kwanza, ndipo apake spiriti. Kwa heshima ya sayansi nilijaribu. Nililiambia goti liko mbali, liko kwenye utulivu. Akapaka. Mbuzi wa ng'ambo waliniitikia.

Namna ya pili nimeifuta. Misumari bado iko kwa Huseni.

Jumapili, 10 Juni

Baada ya misa nimechagua namna ya tatu: sauti peke yake. Sauti haitazami mtu. Sauti inaweza kupita ukutani. Jiko letu lina ukuta wa matete uliokandikwa udongo. Bertilla atakaa ndani, mimi nitakaa nje, heshima itakaa katikati. Najiuliza kwa nini sikuanza nayo.

Liko tatizo dogo. Daktari anataka mama ajione anashuka ngazi za jumba kubwa, ngazi baada ya ngazi, na kila ngazi anazidi kutulia. Bertilla hajawahi kushuka ngazi. Kwa hiyo nimegeuza. Badala ya jumba nimeweka ukingo wa uwanda wetu, ile njia ya kuteremka Rukwa ambayo wanawake hupita kufuata samaki na chumvi. Kona baada ya kona, joto linazidi, upepo unabaki juu, mpaka ziwani. Nimeandika vizuri kuliko daktari. Ukurasa wa jinsi ya kumwamsha mtu haupo, nadhani umefungia chumvi ya mtu, lakini tutafika huko tukifika.

Nimemtuma Luciana apeleke maelezo jikoni. Akarudi na swali kutoka kwa Bertilla, na akalisema kwa sauti ya Bertilla hasa: "Baba, nikilala, nani atasukuma?"

Nimeeleza kwamba si usingizi wa namna hiyo. Luciana akaenda, akarudi. Bertilla anasema sawa, lakini nani atasukuma? Nimeeleza tena. Mimi ni mvumilivu. Mara ya tatu Luciana alikataa kwenda, akasema miguu ni yake.

Jumanne, 12 Juni

Somo la kwanza. Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, blanketi mabegani, karatasi mkononi. Nikaanza kwa sauti nzito, ya taratibu, kama daktari anavyoagiza. Unateremka. Mabega yamelegea. Umefika kona ya kwanza. Unateremka. Kona ya pili. Unateremka. Kona ya tatu, hapo kuna chemchemi, unakunywa maji, umetulia...

Sauti ya Luciana ikatoka ukutani: chemchemi iko kona ya pili.

Nikaendelea. Sauti ikasema kona ya tatu ni lile jiwe kubwa ambapo mama Kalisti alianguka na kapu la samaki, na kama Bertilla atatafuta maji pale atakufa kwa kiu.

Nikaeleza kupitia ukuta kwamba hii si safari ya kweli, ni safari ya akili. Ikajibiwa kwamba hata akili ikitaka maji iende kona ya pili. Kisha nikasikia kutoka upande wa Bertilla pumzi fupi fupi, za kukatika, kama kwikwi. Nilifurahi sana. Daktari ameandika waziwazi: pumzi hubadilika kabla ya usingizi kuingia.

Alhamisi, 14 Juni

Somo la pili limevurugwa kabisa. Bibi Mwasiti, mkunga, alikuja kumtazama Bertilla, naye akaketi jikoni bila kuniarifu. Sikujua ninasomea watu watatu. Nilipofika ziwani, mahali patulivu kuliko pote, mahali nilipopatunga kwa siku nzima, Bibi Mwasiti akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama huyu binti atarudi juu na mzigo wa samaki au mikono mitupu, na kama ni mzigo, nani atampandishia?

Nikajibu kwamba hakuna kurudi.

Hapo pakatokea zogo la kikohozi jikoni. Mtu mmoja alikuwa kama anapaliwa. Niliuliza kama Bertilla anaumwa. Luciana, kwa sauti nyembamba isiyo yake, akasema hapana, hajambo, nisome pale pa ziwani tena.

Nilisoma tena. Zogo likarudi.

Wanawake hawa hawajui kusikiliza. Darasani ningewasimamisha wote wawili kwenye kona, na kona ningeichagua mimi.

Jioni nilisikia Bertilla anaimba kwenye jiwe la kusagia. Luciana anasema amekula ugali wote na akaomba mwingine. Nadhani ulezi wa mwaka huu ni mzuri.

Jumamosi, 16 Juni

Uchungu umemjia Bertilla leo, baada ya chai ya asubuhi. Bibi Mwasiti kaitwa, jiko limejaa moto, mlango umezibwa kwa gunia. Nilitokea na karatasi zangu, tayari. Bibi Mwasiti akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "Mzee, nenda kwa mbuzi."

Kwa mbuzi! Mtu aliyeandika somo zima!

Nilikwenda kwa mbuzi. Kutoka zizini nilisikia. Bertilla hakupiga kelele. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mtu anayeomba kitu huku anajua hakipo. Ikaja, ikapita, ikaja tena. Nikasikia anamtaja dada yake. Luciana akanyamaza, Bibi Mwasiti akanyamaza. Luciana hanyamazi. Nilishika mti wa zizi.

Kisha Bertilla mwenyewe, kwa sauti ya juu, naye hajawahi kuniita tangu aolewe:

"Baba yuko wapi? Mwambieni asome."

Nilifika nyuma ya jiko nikichechemea. Sikupata kigoda. Nilisoma nimesimama. Sauti haikuwa nzito kama inavyotakiwa, na ukurasa wa kwanza niliushika juu chini. Unateremka. Mabega yamelegea. Kona ya kwanza. Kona ya pili, unapita. Kona ya tatu, kuna chemchemi...

"Baba," Bertilla akasema, anahema, "umepita chemchemi."

Luciana akacheka. Bibi Mwasiti akacheka. Nikasema kwa ukali kidogo kwamba imeandikwa kona ya tatu. Bertilla akasema basi yeye anarudi kona ya pili kunywa maji, nimsubiri. Nikajibu kwamba somo halirudi nyuma! Na sasa namsikia Bertilla naye anacheka, anacheka na kugumia, anagumia na kucheka, na Bibi Mwasiti anamwambia sasa, mama, sasa, cheka hivyo hivyo, sukuma. Nilipaza sauti ili nisikike. Nilikuwa bado kwenye jiwe kubwa. Sikufika ziwani. Mtoto alilia kabla yangu.

Msichana. Mama na mtoto wazima.

Nilikaa chini kwenye udongo. Vumbi la ulezi liliniingia machoni, yote mawili.

Jumatatu, 18 Juni

Wilibrodi amerudi jana na lori. Amembeba binti yake, akaja kunishukuru. Nilimweleza namna zote tatu. Akalala katikati ya namna ya pili, lakini ametoka safari.

Ninaandika kwa hasira. Beda anazunguka kilabuni anasema mkamwana wangu amezaa kwa kucheka. Kwa kucheka! Anasema hofu na kicheko havikai jiko moja, na kwamba mimi ni dawa nzuri kuliko zote alizowahi kugawa. Dresa aliyesomea mambo haya, anadhani kicheko ni dawa! Nilimweleza kwamba usingizi wa maneno ulikuwa umeingia barabara, na kicheko ndicho kilichokaribia kuuharibu. Akanipa kibuyu cha pombe, akasema ndiyo, Mwalimu.

Bertilla naye amemtuma Luciana. Anasema asante, Baba. Mtoto wa pili, Mungu akijalia, anataka nisome tena, na nisibadilishe neno hata moja, hasa ile chemchemi.

Binti mwema, lakini haelewi sayansi. Ni lazima kubadilisha. Kosa la somo lilikuwa mwanya wa kuchekea, na mwanya ule nimeujua. Leo Luciana amenikumbusha misumari, nikamwambia mlango wa jiko utangoja, nina kazi muhimu zaidi. Kesho nateremka Rukwa mwenyewe, na goti langu hili, kuzihakiki kona zote kwa macho yangu na kuandika upya kila kitu mahali pake. Chemchemi nitaiweka ilipo. Jiwe la mama Kalisti nalifuta. Samaki nawafuta.

Safari ijayo hatacheka mtu.