Vyoo Mia Mbili vya Masanze

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Katibu wa Tawi, Ndugu Bwana Mifugo, mabalozi wote wa nyumba kumi, wafugaji mliotembea tangu Tindiga, akina mama mliochinja nguruwe kwa heshima yangu, na mimi mwenyewe mgeni rasmi: uhuru na kazi. (Makofi ya watu watatu.)

Nimesimama hapa Masanze, kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu, kusherehekea Programu ya Kisayansi ya Vyoo na Mabanda, ambayo, kwa mujibu wa ripoti niliyoiandika mimi na kuipitisha mimi, awamu yake ya kwanza imefanikiwa kwa asilimia mia moja na nne. (Watu wanatazamana.) Vyoo mia mbili, mabanda arobaini, na nguruwe hawazururi tena. (Nguruwe wawili wanapita mbele ya meza kuu.) Hao ni wa kijiji cha jirani.

Bwana Mifugo, ndugu Theodory, ameniandikia barua tatu kwamba nguruwe wanakula vinyesi vya watu vichakani, wanapata minyoo ya tegu, nasi tunaipata kwa kula nyama isiyoiva, na kwamba mayai ya tegu, yakimezwa na mtu, hufika hadi ubongoni akaanguka kifafa. Barua nimezipokea, nimezifaili, na faili nimelifunga.

Asubuhi hii ndugu Agnesi alisimama akaeleza kuwa mumewe, Lukasi, juzi kaangukia moto, mkono ukaungua, na hajui kesho ataangukia wapi. "Sina haja ya hotuba, ndugu mgeni," alisema. "Naomba choo." Nikamjibu kwamba choo anacho, kiko ukurasa wa tisa wa ripoti. (Agnesi bado amesimama.)

Hata mpishi wetu Magreti alipotaka kuitupa nyama ya leo, eti ina chembe nyeupe kama punje za mchele, nilimwelimisha kuwa huo ni unono wa maendeleo, na kwa vile itifaki hainiruhusu kungoja, nikaila na damu yake, sahani mbili. (Bwana Mifugo anafunika uso.)

Nguruwe! (Zizini!) Choo kwa kila nyumba! (Kiko wapi!) Hapana, ndugu zangu, hapo mnaitikia hoyee.

Nawashukuru sana. Sasa tumbo limenishika ghafla, kwa hiyo namwomba Mwenyekiti anipeleke kwenye kimojawapo cha vile vyoo mia mbili, kilicho karibu. (Mwenyekiti anatazama chini.) Chochote, ndugu. (Agnesi ananyoosha kidole kichakani.)

Haya. Lakini mtu awazuie hao nguruwe, wananifuata.