Ulimi Mweupe wa Mheshimiwa

Jumapili, 3 Machi

Mke wangu ameondoka mchana. Kozi ya kazini, wiki nzima, mji mwingine. Alitaka mama yake aje kunisaidia kulea. Nikakataa kwa heshima zote. Nilimwambia mtu anayepanda ngazi na kuandika herufi zenye urefu wa mita moja juu ya ukuta wa ghala hawezi kushindwa na mtoto wa mwaka na nusu. Akabeba mkoba wake.

Mtoto tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu yeye hukaa tu na sisi wote tunamhudumia. Wiki iliyopita alimaliza antibiotiki ya sikio. Leo yu mzima, ila jioni ameusukuma uji. Nimeona ulimi wake mweupe. Maziwa, bila shaka.

Baba Mapacha wa mlango wa pili, dereva wa gari la mikate, ameniuliza kama nitaweza. Nikamjibu kuna nini cha kuweza. Mtu huyu hujivuna mno kwa sababu tu watoto wake ni wazima.

Jumatatu, 4 Machi

Si maziwa. Nimefuta kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu, weupe hautoki. Umejaa hata ndani ya mashavu, kama mtindi ulioganda. Nilipokazana kidogo pakabaki pekundu. Mheshimiwa akalia, kisha akaning'ata kidole cha kushikia brashi. Ana meno manane na yote yanafanya kazi.

Hataki kijiko. Akikiona tu anageuza uso kama mtu aliyekutana na mwalimu wake wa hesabu.

Baba Mapacha, ambaye hupita mlangoni kwangu mara nyingi kuliko inavyohitajika, amechungulia. Kasema huo ni utando, pacha mmoja aliwahi kuupata, nimpeleke kliniki. Nilikuwa nafikiria kliniki. Baada ya yeye kusema, nimeacha kufikiria.

Jioni mke wangu amepiga simu ya video. Hapo nikatumia akili. Nimemwonyesha mtoto kwa nyuma tu, akigongagonga vifuniko vya sufuria. Amesema kisogo kimenawiri. Nikasema anakula kama mchwa.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi chupa ya maziwa ameiacha nusu. Akalaza kichwa begani mwangu, akanyamaza. Mtoto huyu hanyamazi. Ujanja wote ukanitoka. Nikavaa viatu.

Nimepita uchochoro wa nyuma ili Baba Mapacha asinione. Nikamkuta kwenye benchi la kliniki, mapacha wakisubiri kupimwa uzito. Nikamwambia nimekuja kutazama bango lao, naona rangi imepauka. Akasema kweli, imepauka. Mara muuguzi akatoka na kuuliza kwa sauti ya kusikika barabarani: "Yule baba wa mtoto mwenye utando mdomoni yuko wapi?"

Kwenye dirisha la mapokezi nilikuwa nimejieleza kwa kunong'ona. Haikusaidia.

Amemmulika mdomo kwa kurunzi ndogo. Fangasi wa mdomoni, amesema, huwapata watoto wengi, hasa wakitoka kutumia antibiotiki. Wala si aibu. Nikapumua. Kisha akauliza nyonyo ya mtoto, ile ya mpira ya kumtuliza, ikianguka chini huwa naisafisha vipi.

"Naifyonza kwanza mimi, halafu namrudishia."

Muuguzi akaiwasha tena kurunzi. "Haya, baba, na wewe fungua mdomo."

Mapacha wakasogea kutazama. Niko safi. Ameniambia mate ya mtu mzima si sabuni.

Dawa ni ya matone. Mara nne kwa siku, baada ya kula, ipakwe mashavu yote mawili na ulimi. Nyonyo na chuchu za chupa zichemshwe. Utando nisiukwangue. Na hata weupe ukiisha, nisiache dawa mpaka yeye amwone tena Jumanne ijayo. Nikaitikia yote kwa kichwa. Kichwa changu huitikia vizuri sana.

Jumatano, 6 Machi

Dawa ipo, mdomo umefungwa. Nimeimba. Nimepiga magoti. Nimegeuza kijiko kuwa ndege, ndege ikaanguka. Tone la kwanza limeingia sikioni mwangu. La pili liko kwenye shati.

Kabla ya chakula cha mchana wazo likanijia. Nilikuwa na ubao uliobaki kwenye kazi ya duka la vitanda. Nikachora simba, manyoya ya rangi ya chungwa, na mahali pa uso nikakata tundu. Nikausubiri ukauke. Baada ya chakula nikaingiza uso wangu, nikaachama, nikanguruma. Mheshimiwa alishangaa mpaka taya likashuka lenyewe. Tone. Shavu la pili, tone. Ulimi, tone. Lazima nikiri mimi si mtu wa kawaida.

Ngurumo zimewaleta mapacha. Wakaketi sakafuni kama watu waliokata tiketi, wakagoma kurudi kwao. Baba yao akasimama mlangoni, mikono nyuma, akauliza kama ninaweza kumchorea kifaru. Nikamwambia nitatazama nafasi yangu. Sijapata siku tamu kama hii tangu nioe.

Kasoro ni moja. Mheshimiwa ameelewa kwamba simba hulishwa. Mkono mmoja ukiwa umeshika ubao na wa pili dawa, nimetiwa mdomoni ndizi iliyokwisha kutafunwa, sifongo ya kuoshea vyombo na soksi. Soksi ni yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Anakula! Bakuli zima la uji, na akaomba la pili kwa kugonga meza. Weupe umebaki vidoa.

Jioni, simu ya video. Nikamwelekeza kisogo kama ilivyo desturi. Kwa bahati mbaya nikapiga miayo. Mheshimiwa akageuka, akaniona nimeachama, akadhani ni zamu ya dawa. Akaigeukia simu, akatoa ulimi wote nje na kusema "Aaaa" kwa fahari kubwa.

"Hicho cheupe ni nini?" mke wangu akauliza.

"Maziwa."

"Ameshika ndizi."

"Ni ya jana."

"Maziwa ya jana?"

Maji yalikuwa yamezidi unga. Nikaeleza yote: utando, kliniki, matone, simba. Nilitarajia radi. Akasema ugonjwa haukumuudhi, watoto huugua. "Lakini siku nne naongea na kisogo," akasema. "Kisogo nimekiimbia wimbo wa kulala."

Kisha amesema mama yake anakuja kesho.

Ijumaa, 8 Machi

Nilikuwa na mpango. Mama mkwe akikuta mtoto amepona, hatakuwa na kazi. Asiye na kazi hurudi kwake. Asubuhi mdomo ulionekana safi kabisa. Nikaificha dawa nyuma ya makopo ya rangi, na dozi ya asubuhi sikumpa.

Mama mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu. Amefika, akanawa mikono, akamkalisha mjukuu wake karibu na dirisha na kumwinua mdomo wa juu kwa kidole kimoja. Vidoa vilikuwa vimejificha humo. Akauliza dawa ya asubuhi amepewa saa ngapi. Nikasema inategemea. Akaanza ile methali ya mficha maradhi. Nikamwomba asiimalizie mbele ya mtoto.

Nikaitoa dawa. Akataka kumpa mwenyewe, kwa sauti ile ya kupanga wanafunzi mistarini. Mheshimiwa akafunga mdomo kama kopo la rangi. Akamshawishi. Akamwahidi. Wapi. Nikakaa pembeni kwa unyenyekevu, huku moyoni nacheza.

"Mwanangu," akasema bila kunitazama, "huyo simba yuko wapi?"

Akavua miwani, akaingiza uso tunduni. Ngurumo ile sijui alikuwa ameihifadhi wapi miaka yote ya kusahihisha madaftari. Vioo vya dirisha vilitetemeka. Mheshimiwa alicheka mpaka akanilalia mapajani, mdomo wazi, na matone yakaingia bila kupotea hata moja. Baba Mapacha akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani kuna mtu anauawa. Alipoona ni nani aliye ndani ya simba, akasema shikamoo. Simba akamwitikia marahaba.

Tulicheka hadi tukaketi chini. Baadaye, kwa kuwa hapa naandika ukweli, nimeona wivu. Amenguruma kunizidi, na simba ni wangu.

Jumanne, 12 Machi

Mke wangu alirudi Jumapili. Leo tumekwenda kliniki sote, mama mkwe akiwa mbele. Muuguzi amemulika huku na huku: pasafi, ulimi rangi ya waridi, dawa sasa basi. Akasifu uangalizi. Nikasema ni mbinu zangu. Mama mkwe akakohoa.

Njiani mke wangu akanishika mkono. Kasema ana ombi moja tu: lolote likimpata mtoto, nimwambie saa ileile, hata liwe dogo. Nikaapa. Nikaapa mbele ya mama yake, tena kwa sauti. Mama mkwe alipopanda basi la kurudi kwake alinguruma kupitia dirishani, abiria wote wakageuka, na Mheshimiwa akapiga makofi mpaka basi likapotea. Nyumba imekuwa nyepesi. Nina familia njema.

Jumatano, 13 Machi

Mke wangu ameenda kazini. Nimeona nywele za Mheshimiwa zimekua. Kwa kinyozi kuna foleni, na mimi nina mkasi mzuri wa kukatia karatasi za herufi. Mkono wangu haujawahi kutetemeka. Yeye ndiye aliyegeuka.

Juu ya sikio la kushoto sasa pana kiwanja. Nimejaribu kusawazisha upande wa kulia. Sasa viwanja ni viwili, na havilingani.

Nimeshika simu nimpigie mama yake, maana kiapo ni kiapo. Kisha nikapima maneno vizuri. Niliapa kuhusu jambo likimpata mtoto. Hizi ni nywele. Nimemnunulia kofia ya sufu inayofunika masikio. Na mimi nimejinunulia, rangi ileile, ili ionekane ni mtindo.

Jua ni kali ajabu. Mke wangu anarudi saa kumi. Tumekaa sebuleni na kofia zetu, tunatokwa jasho, tunafanya mazoezi ya kutabasamu.